Mistari kwenye laptopu sio lazima iwe kioo, mimi nimeshalipia kujua hilo

Mhariri,

Za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa Mtwara mjini, mitaa ya Magomeni, kazi yangu kupiga video za harusi na shughuli, unyago, maulidi, kipaimara, hata kumbukumbu ya arobaini ukinialika nakuja na kamera. Gazeti lenu nalisoma karibu kila siku, kuna siku nanunua na kuna siku nasoma nimesimama pale pale kwa muuzaji mpaka akohoe, naomba hilo msinihesabie.

Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa teknolojia. Mwaka jana mwishoni kuna msomaji aliuliza laptopu yake inatoa mistari ya rangi rangi afanyeje, mkamjibu kifupi tu kwamba hapo kioo kimekufa, anunue kingine. Jibu lenyewe halikufika hata sentensi nne. Sasa mimi siku hiyo hiyo nina laptopu mezani inatoa mistari, ya kijani na ya pinki, imesimama wima imepangana kama ua la makuti. Nikasema Mungu huyu amenijibu kupitia gazeti. Nikakata kile kipande nikakibandika ukutani kabisa, juu ya kalenda.

Huku Kusini mnajua mambo yanavyokwenda, minada ya korosho inaanza mwezi wa 10, hela zikishaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima na shughuli nazo zinaanza, Tandahimba, Newala, Nanyamba, wikiendi moja unaitwa sehemu tatu na zote unataka kwenda. Kwa mtu wa kazi yangu hicho ndo kipindi cha kuvuna. Nilikuwa na harusi moja ya Newala, harusi kubwa, ng'ombe wawili, ngoma mpaka asubuhi, mama wa bibi harusi kanipa nusu ya hela mapema na kanisisitizia anataka video ya saa tatu nzima na asikatwe mtu hata mmoja, mana kuna shangazi yake anatokea dakika moja tu kwenye foleni ya kutoa zawadi na huyo shangazi asipoonekana itakuwa kesi ya ukoo. Video yote iko kwenye hiyo laptopu. Memori kadi nilishazifuta kwa sababu wikiendi inayofuata kulikuwa na unyago Nanyamba. Najua, najua. Msinicheke.

Kioo hapa mjini sikukipata cha saizi yangu, nikamtumia mtu hela Kariakoo akanunua, laki moja na sitini elfu, kikaja na basi kimeviringishwa sponji la godoro. Na hapo bado afadhali barabara ilikuwa inapitika, ingekuwa ule mwezi wa 5 wa 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga ningekisubiri mpaka nizeeke. Nikakifunga mwenyewe kwa kuangalia video YouTube, bisibisi ndogo mkononi, jasho linanidondokea kwenye mabano ya kioo, nikabonyeza kuwasha.

Mistari ile ile. Kijani pale pale, pinki pale pale, hata kale kamstari kamoja kembamba ka pembeni kamenisubiri.

Nikaenda kwa fundi mmoja, simtaji, ni mtu mzuri na watoto wetu wanasoma pamoja. Akaifungua yote akatoa mazabodi, ile bodi kubwa ya ndani inayobeba chipu zote, akaifunika na ile karatasi ya kung'aa ya kuokea samaki akaacha kidirisha kama stempu ya posta, ndani ya kidirisha ndo ipo chipu ya picha, nyeusi, inang'aa mpaka unajiona. Akawasha bloa ile ya upepo wa moto akawa anaizungusha juu yake taratibu kama mtu anachoma mahindi na hataki yaungue upande mmoja. Kibanda kizima kinanuka plastiki na dawa ya kulehemu. Dakika sita saba hivi. Akaiacha ipoe, akapaka pesti ya kupitishia joto, akafunga, akaniambia mkubwa washa.

Nikawasha, picha safi kabisa! Mistari hakuna. Elfu hamsini nikaitoa nikitabasamu. Nikamuuliza, fundi kwa hiyo imepona? Akasema imepona kaka, risasi ya kulehemea ilikuwa imeachia, nimeiyeyusha imeshika upya.

Mhariri, kesi yangu yote iko kwenye hilo neno imepona.

Ilikaa siku tisa. Na hizo siku tisa mimi nilifanya nini? Nilifanya kazi bhana. Nimeambiwa imepona, nikaediti, nikaweka maua, nikaweka majina yanayoruka kutoka kwenye moyo, sikuhamisha faili hata moja kwenda popote, kwanini nihamishe na mashine imepona. Usiku wa siku ya tisa nimeiweka irende, yani iunganishe video yote niliyoediti iwe faili moja, feni inalia kama bodaboda yenye abiria wawili inapanda mlima wa Newala, imefika asilimia 87 nikaenda kuchukua maji ya kunywa, narudi skrini nyeusi. Nazima, nawasha, taa zinawaka, feni inazunguka, kioo kimya.

Nikarudi kwa fundi, akapiga bloa tena, elfu thelathini, ikakaa siku mbili. Mara ya tatu akasema hii bure kwa sababu wewe mteja, ikakaa muda wa kunywa chai na chapati. Hapo ndo akaniambia kaka hii chipu sasa imekufa jumla na vitu vyako vya ndani ndo basi tena, pole.

Mimi nikaamini. Mama wa Newala akawa ananipigia kila baada ya Isha. Naanza na shikamoo mama, anaitikia, marahaba mwanangu, hujambo, watoto hawajambo, anamaliza zote kwa utaratibu alafu anashusha sauti, "Sasa mwanangu, video iko wapi?" Nikasema mtandao mama. Nikasema umeme mama. Siku moja nikasema malaria, na kweli kesho yake nikaumwa malaria, kwa hiyo hiyo nayo nimeshalipa.

Basi katika kuhangaika nikapata kazi ya harusi Lindi, nikaibeba ile laptopu kwenye begi pamoja na kamera, sijui kwa nini niliibeba, labda kama mtu anavyotembea na karatasi ya hospitali. Karibu na stendi pale kuna kijiduka cha simu, ndani kuna dada anatengeneza, mdogo kwangu kwa umri kabisa, nikamweleza. Akasikiliza. Akaniuliza swali moja: kaka, uliichomeka kwenye TV?

Sikuichomeka kwenye TV. Hakuna aliyeniambia, si fundi wala nyinyi.

Akaiwasha, bahati siku hiyo ikaamua kuonyesha picha, na mistari yake juu. Akachukua waya wa HDMI akachomeka kwenye TV yake iliyokuwa inaonyesha tamthilia. Mistari ikaja kwenye TV. Akasema unaona, kioo kikiwa kibovu TV inakuwa safi, hapa vyote viwili vinaumwa sawasawa kwa hiyo mgonjwa ni yule anayevilisha. Alafu akaizima akawasha tena akanionyesha jina la kampuni linavyotokea mwanzo kabisa kabla Windows haijaanza, na pale pale mistari ipo. Kwa hiyo sio draiva, ile programu ya Windows inayoendesha chipu ya picha, mana draiva bado hata haijaamka. Alafu akageuza laptopu, akafungua kifuniko cha chini, akachukua bisibisi akaminya kwa kitako chake juu ya kile chuma cha shaba kinachokalia chipu. Mistari ikapungua, ikabaki miwili. Akaachia, ikarudi yote. Akaminya, ikapungua. Akaachia. Mimi pale nimetoa macho kama mtoto anaangalia mazingaombwe.

Sasa alichonieleza, na baadae nikakaa nikasoma mwenyewe usiku kucha mpaka bando likakata, ni hivi na naomba mkiandike.

Chipu ya picha sio kitu kimoja. Juu kuna kile kipande cheusi kinachong'aa, hicho ni silikoni, ndo chenye akili. Kimelazwa juu ya kibao kidogo cha kijani na kimeshikana nacho kwa vidoti vya lehemu vidogo sana visivyohesabika, kwa macho huvioni. Alafu kile kibao cha kijani nacho kimeshikana na mazabodi kwa vidoti vingine vikubwa zaidi, vikubwa yani bado ni vidogo kuliko ufuta. Ikipata moto silikoni inatanuka kidogo sana na kile kibao kinatanuka zaidi yake, kwa hiyo kila ukiwasha na kufanya kazi nzito vinavutana, kila ukizima vinarudi. Ni kama bati la nyumba, mchana jua likipiga linalia ta, ta, ta, usiku likipoa linalia tena, miaka ikienda misumari imelegea na hakuna mtu aliyeigusa. Vile vidoti vinapata nyufa. Umeme unapita unakata, unapita unakata, na hiyo ndo mistari.

Ukipiga bloa kila kitu kinatanuka, nyufa zinabanana, picha inarudi. Hakuna kilichoungwa. Ni msumari uliolegea umeusukuma na kidole gumba. Halafu kuhusu ile risasi aliyosema fundi wangu kayeyusha, lehemu ya zamani yenye risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 183, ila tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku risasi kwenye vifaa vya umeme viwanda vingi vikahamia kwenye lehemu ya bati, fedha na shaba, na hiyo inataka nyuzi kama 217 na kuendelea ndo iyeyuke. Na hata ukifika huko, vidoti unavyoweza kuviyeyusha na bloa vikashika vizuri ni vile vya chini, wakati ugonjwa mara nyingi uko kwenye vile vya juu, ndani ya chipu yenyewe. Ndo maana hata wale wanaong'oa chipu nzima na kuipangia vidoti vipya, kazi ngumu kweli na hela nyingi, wanasaidia tu pale ambapo ubovu uko chini. Ukiwa juu ni chipu nyingine au mazabodi nyingine, na mazabodi ya mashine ya zamani ya mtumba ukiuliza bei unaambiwa bora ununue laptopu.

Msije mkadhani haya ni maneno ya kijiwe. Julai 2008 Nvidia wenyewe, ambao chipu zao zimejaa dunia nzima, walitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zinakufa, wakakubali kwamba tatizo ni malighafi iliyotumika kufungia chipu, kuwa dhaifu. Februari 2015 Apple nao wakafungua mpango wa kutengeneza bure MacBook Pro za kuanzia 2011 mpaka 2013 zilizokuwa zinaleta picha mbovu au zinazima. Laptopu yangu sio ya hao Apple wala chipu yake sio ya Nvidia, ila ugonjwa ni ndugu. Na wale Apple, pamoja na mafundi wote walionao, hawakumpiga mtu bloa, walikuwa wanabadilisha mazabodi nzima. Sasa sisi wa kibanda cha mabati ndo tuseme imepona?

Lakini kitu kilichoniuma kuliko hela ni kingine. Yule dada aliniuliza, kwani unalilia laptopu au unalilia video? Nikasema video. Akafungua skrubu mbili, akavuta diski, kile kifaa kinachotunza faili, akaichomeka kwenye kikasha cha USB, hivyo vikasha vinauzwa elfu kumi na tano, akachomeka kwenye kompyuta yake. Faili zote zikaja. Harusi yote, saa zote, shangazi yumo, amevaa miwani ameshika jagi la plastiki lenye riboni. Dakika tano hazikufika. Video haikai kwenye chipu ya picha, inakaa kwenye diski, na diski yangu haikuwa inaumwa hata siku moja. Wiki sita nzima nilizomdanganya mama wa watu mpaka nikajiletea malaria, video ilikuwa mzima ndani ya begi, skrubu mbili tu.

Sikujua nicheke au nilie. Nikamuuliza nakudai... samahani, unanidai shilingi ngapi, nilichanganyikiwa mpaka maneno. Akasema nilipe kikasha tu, hela ya chipu hachukui kwa sababu hataiponya.

Ndo nikaelewa kosa la fundi wa kwanza liko wapi. Kupiga bloa mimi sikatai, tena mtu akinifuata leo na laptopu iliyokufa naweza kumwambia kapige. Ila angeniambia hivi: kaka, nitaipa moto, inaweza kukaa wiki, inaweza kukaa siku moja, ikiwaka tu hamisha vitu vyako vyote kabla hujafanya kitu kingine. Ningemlipa ile elfu hamsini kwa moyo mweupe na ningemsifu mji mzima. Ile haikuwa hela ya dawa, ilikuwa nauli ya kutoa mizigo kabla nyumba haijaanguka, na mimi kwa kuambiwa imepona nikahamia humo na godoro.

Na wala mtu sio lazima afike kwenye bloa. Wakati mistari imejaa lakini bado inawaka, kuna ile namna ya kuiwasha Windows kwa sefu modi, inatumia draiva nyepesi ya kawaida bila kuisumbua chipu, picha inakuwa mbaya na herufi kubwa kubwa lakini mara nyingi inakaa, unachomeka flashi au diski ya nje unahamisha. Kuna laptopu nyingine zina chipu mbili za picha, moja ndogo ndani ya prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, na moja kubwa ya kazi nzito, hizo kama inayoumwa ni ile kubwa kuna zinazokubali uizime kwenye bayosi, yani mipangilio ya kabla Windows haijaanza, au kwenye Windows na uendelee na ile ndogo, utaediti polepole lakini unaendelea kuishi. Kuna za kazi za michoro ambazo kadi ya picha inachomoka kabisa kama betri, ikifa unatafuta nyingine unapachika. Yangu haina lolote kati ya hayo, chipu moja, imelehemewa humo humo. Lakini yule msomaji wenu aliyeuliza, mnajua yake ni ipi? Hamkumuuliza. Mlimwambia kioo.

Kuhusu chanzo nako ngoja niseme, mana hapo nina dhambi zangu mwenyewe. Mtwara joto tunalijua, kuanzia Novemba mpaka Machi chumba changu cha kazi kinapigwa jua la mchana, bati bila dari, na mimi nilikuwa na tabia ya kuiweka irende usiku juu ya kitanda, juu ya godoro, matundu ya chini yote yamezibwa na shuka, nikilala pembeni yake kama mke. Yule dada alipoifungua feni alinitolea kitu, kati ya feni na zile sahani nyembamba za shaba zinazotoa joto kulikuwa na vumbi limeshikana mpaka limekuwa kitambaa, kimoja, unakivuta kinatoka kizima, rangi ya kijivu na nyuzi nyuzi za shuka langu la kijani ndani yake. Upepo ulikuwa unapita wapi? Haukuwa unapita.

Na hapo mimi nilijua naisafisha. Nilikuwa naipeleka kwa fundi pancha pale barabarani apulize na kile kimashine cha kujazia matairi, ukitega feni inazunguka viiiii mpaka raha. Kumbe makosa mawili kwa mpigo, kwanza ile feni ikizungushwa kwa kasi hiyo inaharibu mhimili wake, inatakiwa uishike na kijiti isizunguke, pili matangi yale ya upepo huwa yanakusanya maji ndani, hasa kwetu huku pwani hewa ilivyo nzito, kwa hiyo unapuliza vumbi na unanyunyizia matone kwenye mazabodi. Na lile vumbi lililoganda kama kitambaa halitoki kwa kupuliza, ni mpaka ufungue.

Pesti nayo kuna ya kusema. Ile pesti kati ya chipu na chuma cha shaba kazi yake ni kujaza vinafasi vidogo ili joto lipite, inatakiwa kidogo tu, punje ya choroko inatosha, na ikikaa miaka inakauka inakuwa kama chaki. Kuna fundi mwingine, simtaji pia, niliwahi kumkuta anapaka dawa ya mswaki. Dawa ya mswaki ya kweli, anaminya kutoka kwenye tyubu, akasema inafanya kazi ile ile. Siku ya kwanza inafanya, mana ina majimaji, siku chache imekauka na hapo unapika chipu huku inanukia minti. Na sehemu nyingine chuma cha shaba hakigusani na chipu moja kwa moja, kuna kile kipande laini kinene kama raba cha kujaza nafasi, fundi akikitupa akaweka pesti badala yake nafasi inabaki wazi na joto halina pa kupita, kazi imeonekana safi lakini umeua.

Kuna programu za bure za kuangalia joto, mimi yangu kabla haijafa niliwahi kuiona inasoma nyuzi 97 wakati wa kurenda, nikafikiri ni asilimia, nikajisemea karibu inamaliza. Ndo hivyo. Hii ninayotumia sasa, ya mtumba tena, tukiwa tumeisafisha na kuipa pesti mpya haivuki 80 hata nikiipa kazi ya saa mbili, na nimeiinua kwa vizibo vinne vya soda, viwili kila upande, godoro hailijui. Kila faili iko sehemu mbili kabla memori kadi haijaguswa. Ile ya zamani nimemwachia yule dada wa Lindi achomoe vipuri, feni yake bado nzima, na kibodi.

Mama wa Newala alipata video yake mwezi wa 2, saa tatu na dakika kumi na moja, shangazi hajakatwa. Nilimpelekea mwenyewe mpaka nyumbani, flashi mbili. Hakunigombeza. Aliniwekea chakula nikala, tukaangalia wote mwanzo mpaka mwisho, bibi harusi mwenyewe yupo pale pembeni tumbo limeshaanza kuonekana anajicheka alivyokuwa mwembamba, alafu mama akaniambia kwa upole kabisa mwanangu na malaria yako pole, na nilijua kwamba anajua.

Sasa ombi langu kwenu Mhariri. Yule msomaji wenu aliyeuliza bado yuko mahali, labda ameshanunua kioo kama mimi, labda bado anajikusanya. Naomba mrudi kwenye lile jibu mlirekebishe, tena ukurasa ule ule na saizi ile ile, sio kwa vile vimaandishi vya chini mnavyowekaga kona ya mwisho karibu na bei ya gazeti. Mwambieni achomeke kwenye TV kwanza. Waya wa HDMI ataazima kwa jirani. TV ikiwa safi basi nyinyi mlikuwa sahihi, ni kioo au ule waya mwembamba unaokwenda kwenye kioo, na mimi nitanyamaza. TV ikiwa na mistari asinunue chochote, ahamishe vitu vyake usiku huo huo alafu ndo aanze kuongea na mafundi, na fundi akisema imepona amuulize mpaka lini.

Na kama kioo chake ni kibovu kweli, ni cha inchi 15.6 na pini 40, mimi ninacho kimoja hapa, kipya, kimetumika wiki chache tu kuonyesha mistari. Nauza laki moja, inapungua.

Mpiga video za harusi,
Magomeni, Mtwara